Jinsi ya kuingiza kifaru cha majaribio kwenye gemu: tuanze na T28

Mwaka 1974, kwenye uwanja wa nyuma wa kambi ya Fort Belvoir, Virginia, Marekani, kilikutwa kifaru cha tani 86 kimetelekezwa. Hakikuwa na tureti, yaani kile kichwa kinachozunguka na mzinga. Kilikuwa na cheni nne badala ya mbili, na deraya ya mbele, yaani chuma cha kukikinga, yenye unene wa milimita 305. Hicho ndicho T28 pekee kilichobaki duniani. Viliundwa viwili tu, na mwenzake aliungua injini wakati wa majaribio huko Yuma, Arizona, mwaka 1947, akaishia kuwa chuma chakavu.

Nimekichagua kwa sababu kasoro zake za jeshini ndizo utamu wake kwenye gemu, mradi usimtibu mgonjwa ambaye hakukuomba dawa. Hilo kosa nimelifanya mwenyewe. Toleo langu la kwanza nililipa kasi ya kilomita 25 kwa saa, nikijiambia kwamba mchezaji hana subira. Jamaa wanne niliowapa wajaribu walikifurahia siku ya kwanza. Siku ya pili hakuna aliyeweza kuniambia kinatofautiana vipi na kifaru kingine chochote kwenye gemu, ila kwamba ni kipana.

Mwongozo huu unamfaa anayejua kidogo Blender (programu ya kuchonga modeli za 3D) na injini mojawapo ya gemu (mimi natumia Godot). Nikisema “injini” peke yake humu ndani, namaanisha ile inayokunywa petroli.

Hatua ya 1: Jua umeshika chuma, mbao au karatasi

Kabla ya kufungua programu yoyote, kiweke chombo chako kwenye fungu lake.

Chuma ni kile kilichoundwa kikatembea. T28 kimo humo. Kimo pia Tortoise cha Waingereza, vilivyoundwa sita, na Maus cha Wajerumani chenye tani 188. Hicho kilichoko Kubinka, Urusi, ni bodi (kiwiliwili) ya Maus wa kwanza iliyovishwa tureti ya wa pili. Kimo pia Object 279 cha Wasovieti cha mwaka 1959, chenye cheni nne na bodi iliyobonyea kama sahani mbili zilizofunikana.

Katikati kuna E-100 ya Wajerumani. Bodi yake ilikutwa karibu na Paderborn mwaka 1945 haijakamilika, Waingereza wakaichukua na mwishowe ikakatwakatwa. Mbao ni kama TV-8 ya Chrysler, ya miaka ya 1950, iliyofika kwenye mfano wa kutazama tu. Na karatasi ni kama Ratte, jitu la tani 1,000 ambalo halikutoka kwenye michoro.

Fungu linakuambia namba zako zina uzito gani. Namba za chuma zilipimwa uwanjani na watu waliokuwa na saa mkononi. Namba za karatasi ni matumaini ya mchoraji aliyetaka mradi upitishwe, na mchoraji wa namna hiyo hajawahi kuandika kwamba gari lake litakwama. Ukiviweka viwili hivyo uwanja mmoja kwa namba walizoandikiwa, karatasi itashinda kila siku. Waundaji wa gemu ya War Thunder walilazimika kuligusa jambo hili mwaka 2019, walipoviondoa kwenye mti wa utafiti (orodha ya vifaru ambavyo mchezaji huvifungua kimoja kimoja) Panther II na ile Tiger II ya mzinga wa sentimita 10.5, kwa sababu havikuwahi kuwepo kwa sura ile.

T28 kina mtego wake wa majina. Machi 1945 kilibadilishwa jina kikaitwa T95, kisha mwaka 1946 kikarudishiwa T28. Ni mashine ileile. Waundaji wa gemu ya World of Tanks wakayatumia majina yote mawili kwa vyombo viwili tofauti, kimoja cheni mbili, kingine nne. Kwa hiyo ukitafuta picha kwa jina, nusu ya utakachopata ni picha za gemu. Zitupe. Ukiiga modeli ya mtu mwingine unarithi makosa yake, na modeli ile ina mwenyewe.

Hatua ya 2: Jaza jedwali, ukiandika kizio cha asili

Jedwali liwe na safu nne: kitu, namba, kizio kama kilivyoandikwa kwenye chanzo, na mahali ulipoitoa. Safu ya tatu ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayowaumiza. Tani ya Wamarekani ni kilo 907. Tani ya Waingereza wa zama zile ni kilo 1,016. Tani yetu ni kilo 1,000. T28 kiliandikwa kuwa na tani 95 za Kimarekani, ambazo ni 86 za kwetu. Nimeona mtu ameingiza 95,000 kwenye sehemu ya kilo, kisha akashinda wiki nzima akirekebisha springi.

Na inchi usiiache ikageuzwa mara mbili. Inchi 12 ni milimita 305. Mwingine akiandika 300, wa tatu akigeuza hiyo 300 kurudi kwenye inchi, unapata takwimu ambayo hakuna aliyeipima.

Jedwali langu la T28 linasomeka hivi:

Uzito: tani 86.
Urefu pamoja na mtutu: mita 11.1. Kimo: mita 2.84.
Upana: zaidi ya mita 4 kikiwa na cheni zote, mita 3 na ushee kikivuliwa zile za nje.
Injini: Ford GAF ya petroli, silinda 8, nguvu farasi 500.
Kasi ya juu: kilomita 13 kwa saa.
Mzinga: T5E1 wa milimita 105, makombora 62.
Mtutu kwenda juu nyuzi 19.5, chini nyuzi 5, kulia 10, kushoto 11.
Deraya, kwa milimita: 305 mbele juu, 130 mbele chini, 64 ubavuni, na mapazia ya chuma ya 100 yanayofunika cheni ubavuni.
Watu: 4.

Kwa picha, zile zilizopigwa na wanajeshi na watumishi wa serikali ya Marekani wakiwa kazini kwa kawaida hazina hakimiliki nchini humo. Picha ya mtalii aliyetembelea makumbusho ni ya mtalii. Kuitazama ili ujifunze si tatizo; kuibandika kwenye modeli yako kama ngozi ni tatizo.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mwendo kabla ya kuchora hata boliti moja

Hapa ndipo utakapokielewa chombo chenyewe, kwa hiyo usiharakishe.

Injini ya Ford GAF ilikuwa ileile iliyowekwa kwenye M26 Pershing, kifaru cha tani 42 hivi. Gawanya 500 kwa 42, unapata nguvu farasi karibu 12 kwa tani. Gawanya 500 kwa 86, unapata 5.8. Yaani punda yuleyule, mzigo maradufu.

Sasa igeuze iwe namba ambazo gemu inaelewa. Nguvu farasi 500 ni kilowati 373. Chukua asilimia 70 kama makadirio ya kinachofika kwenye cheni baada ya gia kula chake: kilowati 261. Uzito wa tani 86 ni kilonyutoni 844. Kwenye udongo wa kawaida, ukikadiria ukinzani wa asilimia 5, cheni inapigana na kilonyutoni 42. Gawanya 261 kwa 42: mita 6.2 kwa sekunde, ambazo ni kilomita 22 kwa saa. Lakini chombo kilifika 13 tu. Kwa hiyo kwenye tambarare kinachokizuia ni gia, si nguvu. Kwenye msimbo, weka kikomo cha kilomita 13 kama namba iliyosimama peke yake. Usijaribu kukipata kwa kuongeza ukinzani, maana ukiuongeza utaharibu kinachofuata.

Kinachofuata ni mlima. Mpe kilima cha asilimia 20, yaani kupanda mita 20 kila mita 100. Mvuto unamrudisha nyuma kwa kilonyutoni 165. Jumlisha na zile 42, unapata 207. Gawanya 261 kwa 207: mita 1.26 kwa sekunde, kilomita 4.5 kwa saa. Mtu mzima anayetembea kwa mwendo wa kawaida anampita.

Ukiyaacha mambo yawe hivyo, mchezaji ataanza kusoma ramani kama dereva wa lori lililojaza: wapi kuna mteremko, wapi kuna kona, wapi nikiingia sitoki. Hakuna maandishi ya kumwelekeza yatakayomfundisha hivyo.

Kwa tambarare, hesabu na muda. Kilomita 13 kwa saa ni mita 3.6 kwa sekunde. Ramani ya kilomita moja ataivuka kwa dakika nne na sekunde 37. Kama mechi yako ni ya dakika 15, karibu theluthi inaishia njiani, hajafyatua kitu. Hilo tatizo ni la kweli, na tutalitatua hatua ya 7 pasipo kugusa injini.

Hatua ya 4: Modeli

Weka Blender kwenye mita. Tengeneza boksi tupu lenye vipimo vya jedwali, lifungie, na usilisogeze tena hadi mwisho.

Anza na mtutu. Mdomo wa mzinga una kipenyo cha ndani cha milimita 105 kinachojulikana bila ubishi, na kwenye picha iliyopigwa kutoka mbele unaonekana vizuri. Hiyo ndiyo rula yako ya kupimia vitu vya jirani yake ambavyo hakuna aliyeviandika. Usiitumie kupima vitu vya nyuma, maana kwenye picha vya nyuma husinyaa.

T28 kina neema moja: mapazia ya chuma yanafunika sehemu kubwa ya magurudumu. Usichonge springi ambayo hakuna atakayeiona. Zielekeze poligoni zako (vile vipande bapa vinavyounda modeli) kwenye ule uso mnene unaoshika mzinga, kwenye kibanda cha kamanda juu ya paa pamoja na bunduki yake ya rashasha, na kwenye kingo za mabamba. Chuma cha kumimina hakina kona kali kama ya sanduku la bati, kwa hiyo zilainishe kingo, na mpe ngozi ya kuparuza kidogo kama ya ganda la chungwa. Kutu isizidi. Kifaru cha majaribio kiliishi kwenye uwanja wa vipimo, hakikuishi vitani. Matope ndiyo, matundu ya risasi hapana.

Hatua ya 5: Cheni nne

Wahandisi waliongeza cheni ya pili kila upande kwa sababu moja: tani 86 juu ya cheni mbili nyembamba zingezama. Kwenye gemu, cheni mbili za upande mmoja ziende pamoja kama pacha; usizipe kila moja uendeshaji wake.

Usiunganishe kila kipande cha cheni kwa fizikia. Vipande ni mamia, na simu ya kawaida itazima kabla kifaru hakijasogea. Tumia miale: kila gurudumu la ardhini lirushe mwale mmoja kwenda chini, mwale upime umbali wa ardhi, na umbali huo ugeuzwe kuwa nguvu ya springi inayosukuma bodi juu. Cheni yenyewe iwe pambo linalofuata mkunjo, na picha yake iteleze kulingana na kasi. Kwa miale, safu ya ndani inatosha kubeba uzito wote. Safu ya nje uipe miale michache ya kugundua kwamba imepanda jiwe.

Sasa uhondo. Cheni za nje ziliundwa zivuliwe pamoja na mapazia yake, zikafungwa kwa boliti upande kwa upande, kifaru kikazivuta nyuma kama tela. Hivyo ndivyo kilivyopita penye wembamba. Kuvua kulichukua saa kadhaa, kwa hiyo usiweke kitufe cha kuvua katikati ya mapigano. Weka uamuzi huo kwenye skrini ya maandalizi. Mchezaji akichagua kuvua, anapata daraja jembamba na kichochoro. Anapoteza milimita 100 za chuma kila ubavu, anabaki na zile 64, na ardhi laini inaanza kummeza. Huhitaji kutunga mfumo wa “ujuzi” wala “visasisho”. Wahandisi wa mwaka 1945 walishakutungia.

Hatua ya 6: Deraya

Modeli inayoonekana na modeli inayopigwa ziwe mbili tofauti. Ya pili iwe ya mabamba machache bapa, kila moja limeandikwa unene wake. Kombora likigusa, chukua pembe kati ya njia yake na mstari uliosimama wima juu ya bamba, kisha gawanya unene kwa kosini ya pembe hiyo. Bamba la milimita 100 likigongwa kwa pembe ya nyuzi 60 linakuwa sawa na 200.

Pazia na ubavu uliopo nyuma yake ni mabamba mawili yenye nafasi katikati. Usiyajumlishe kuwa bamba moja la 164. Kombora linalolipuka kwa moto linapaswa kulipukia kwenye pazia, na la chuma kitupu lipoteze nguvu hapo kisha liendelee.

Halafu vumilia: kibanda cha kamanda kibaki dhaifu, paa libaki jembamba, na ile 130 ya mbele chini ibaki 130. Wachezaji watalalamika kwamba kifaru chenye uso wa 305 kimeuawa kwa tumbo. Waache walalamike. Anayekipenda atajifunza kuficha tumbo nyuma ya tuta.

Hatua ya 7: Mzinga usiozunguka, na ramani inayoukubali

Nyuzi 10 kulia na 11 kushoto ni kipande kidogo sana. Kwa umbali wa mita 500, mtutu unafagia upana wa mita 185 hivi. Kwa mita 100, upana wa mita 37 tu. Adui akivuka barabara amekwisha kutoka machoni. Chini, nyuzi 5, na mtutu ukiwa mita 2 hivi kutoka ardhini, ardhi yote iliyo ndani ya mita 23 za mbele iko chini ya mstari wa mzinga.

Kipanya kikitoka nje ya upinde huo, bodi igeuke yenyewe au isigeuke? Nimejaribu yote mawili. Ikigeuka yenyewe, mchezaji mgeni anafurahi, lakini uso mnene unahamishwa bila yeye kujua na ubavu unaachwa wazi. Mimi huiacha isigeuke. Badala yake naonyesha mistari miwili myembamba kwenye skrini pale mtutu unapoishia, na naweka sauti ya chuma kugonga chuma mtutu unapofika ukomo. Kwenye simu, ambako kidole kimoja kinafanya kila kitu, niliishia kuruhusu igeuke, ila kwa kitufe cha kuzima.

Kuhusu zile dakika nne na nusu za kutembea: rekebisha ramani, usirekebishe kifaru. Mweke T28 aanzie mbele zaidi ya wenzake. Mpe kazi aliyozaliwa nayo: kilibuniwa kuvunja ngome za zege za Mstari wa Siegfried mpakani mwa Ujerumani, kwa hiyo weka ngome ambayo mizinga midogo haiifungui. Mpe pia masafa marefu na njia mbili tu za kumfikia, ili kila mtu ajue atatokea wapi na bado apate shida kumwondoa. Kama bado analemea upande mmoja, mfanye awe ghali kumchagua. Bei ni yako kuibadilisha; unene wa chuma si wako.

Hatua ya 8: Sauti na maelezo

Sauti ya V8 ya petroli huwezi kuikopa kwa tingatinga la dizeli, lakini mlio wa cheni unaweza. Mimi nilirekodi tingatinga kwenye ujenzi wa barabara, baada ya kumwomba fomani na kukubaliwa kusimama mbali. Cheni kwenye kokoto ina mkwaruzo ambao maktaba za sauti hazina. Rudufu mkanda, uucheleweshe kidogo, umepata cheni ya pili.

Kwenye ukurasa wa maelezo ndani ya gemu, andika fungu la chombo juu kabisa: “Kiliundwa, viwili” au “Michoro tu”. Kama kuna namba uliyoibadilisha, iandike pale pale pamoja na ya asili. Wapo wachezaji wanaosoma kurasa hizo kuliko wanavyocheza, na hao ndio watakaokusahihisha bure.

Hatua ya 9: Jaribu na asiyejua

Mpe kifaru mtu ambaye hujamweleza lolote, mweke chini ya kile kilima cha asilimia 20, kaa nyuma yake ukiwa kimya. Usimtazame skrini, mtazame mkono. Akibonyeza kitufe cha mbele kwa nguvu zaidi kana kwamba kitasaidia, mwendo umeupata. Akigeuka kukuuliza kama gemu imekwama, ongeza sauti ya injini inayohangaika na moshi kidogo nyuma, kisha mwite tena kesho.